Gauni la Bibi Secilia

Kila asubuhi Rahabu aliteka maji, akafagia uwanja, akamchemshia bibi yake uji, ndipo akashika njia ya shule. Bibi Secilia alikuwa mgonjwa, hainuki tena kitandani. Mama naye alishinda katika shamba la kijiji cha ujamaa, hivyo nyumba ilikuwa mikononi mwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Kazi hakuikimbia. Kilichomnyima raha kilikuwa kipaimara.

Wenzake wangesimama mbele ya mchungaji na magauni meupe, yeye hana hata kipande. Mwaka ule vitambaa viliadimika, na duka la ushirika la Mlola lilibaki na chumvi na sabuni tu. Lakini sandukuni mwa bibi lilikuwamo gauni la arusi, refu, lenye lesi shingoni. Kila kipupwe kilipokwisha bibi alilianika juani na kusema, "Mtanizika na hili."

Mwenye haja hakosi sababu. Rahabu alijiambia, bibi haamki, atajuaje? Akalifunga gauni ndani ya kanga, huyoo, mpaka kwa fundi Darweshi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lo! Gauni la zamani hili! Mama yako anajua?"

"Ndiye aliyenituma," Rahabu alijibu. "Anataka liwe la kisasa. Fupi, na mikono uitoe."

Fundi alilipapasa, akasita. "Nikikunja pindo tu, je? Nikishakata, nimekata."

"Kata, fundi."

Akakata, akalishona upya, akamfungia pamoja na mabaki.

Jumamosi iliyofuata ukungu uliondoka, jua likawaka. Bibi akaita kwa sauti ndogo, "Rahabu, nianikie gauni langu."

Maskini Rahabu! Alikwenda kwenye sanduku, akakaa chini, akalia mpaka mama yake alipoingia kuchukua jembe na kumkuta na mabaki mapajani. Mama aliyatazama.

"Usiniambie mimi," alisema. "Kamwambie mwenyewe."

Rahabu alisema yote, hata uongo aliomwambia fundi. Bibi alilipokea gauni, akapitisha vidole pale mikono ilipokuwa.

"Mjinga wewe," alisema, machozi yakimtoka. "Nilimngoja mama yako amalize palizi akukunjie pindo, ulivae siku yako. Yeye mwenyewe alipata kipaimara na gauni hilihili. Alilikunja, kisha akalikunjua, akanirudishia zima. Kwa nini hukuniomba?"

Afadhali angechapwa. Tangu siku hiyo Rahabu alimlisha bibi uji bila kuthubutu kumtazama usoni.

Mama alipeleka gauni na mabaki kwa fundi. Darweshi alisikitika sana, akaunga mikono, akaunga na sehemu ya chini. "Nimeunga," alisema, "lakini kama lilivyokuwa, sikuweza." Mshono ulikatiza gauni zima kama kovu.

Bibi Secilia alifariki wiki moja kabla ya kipaimara. Wanawake waliokuja kumvika waliuona mshono, wakaguna. "Hee! Nani kaliharibu hivi?"

Mama alifumbua kinywa, lakini Rahabu alimtangulia. "Ni mimi. Nililiiba, nikalikatisha." Walimvika bibi, wakamzika.

Siku ya kipaimara Rahabu alisimama mwisho wa mstari na shati lake la shule. Baada ya ibada alitembea na mama yake hadi kaburini. Pale ndipo alipoangua kilio.

"Mama, bibi alinisamehe?"

"Alikusamehe siku ileile. Alinituma kwa fundi yeye mwenyewe." Mama alimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Lakini msamaha hauondoi mshono, mwanangu. Kitu cha wazee hutunzwa kwa sababu hakuna kingine kama hicho. Na ukikitaka, omba. Wewe uliiba kitu ulichokuwa umekwisha kupewa."