Mgeni Aliyekuja Kuona Ubovu

Kila asubuhi muuza samaki alishuka gatini, tenga kichwani, ndoto machoni. Macho yalikuwa wazi, lakini yeye aliona ngazi pana zenye chuma cha kushikia. Aliona bomba la maji safi, na kivuli juu ya meza za samaki. Mumewe, mwenyekiti wa wavuvi, alimwita Mama Ndoto.

"Mama Ndoto, rudi huku. Samaki wanapigwa jua."

Naye alirudi kwenye ngazi zile zile. Ya nne ilikuwa imemeguka. Hapo ndipo wifi yake alipoanguka miaka miwili nyuma, akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo wifi hakukanyaga tena gatini. Alikaa uani akiparua magamba, na kila jioni aliuliza, "Wifi, leo maji yana rangi gani?"

"Bluu," Mama Ndoto alijibu, na moyo ulimuuma.

Siku moja ikaja habari. Serikali imetenga fedha za kukarabati bandari za wavuvi. Afisa uvuvi atakuja kukagua.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mume akasema. "Tusafishe, tusije tukaaibika."

Wavuvi wakafagia, wakapaka chokaa. Ngazi mbovu wakaiwekea mbao, wakaifunika kwa turubai jipya.

Afisa alikuwa mama mpole mwenye daftari. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Hongereni. Gati lenu zuri. Nadhani tuanze na wenzenu wenye hali mbaya." Akafunga daftari.

Mama Ndoto alimtazama mumewe. Kumuumbua mume mbele ya mgeni si jambo dogo. Lakini alimkumbuka wifi kule uani. Akainama, akavuta turubai, akaondoa na mbao.

"Nisamehe, baba watoto. Mficha uchi hazai."

Afisa akaigusa ngazi kwa kiatu, kipande kikadondoka majini.

"Kuna aliyewahi kuanguka hapa?"

"Dada yangu," mume akajibu kwa sauti ndogo. "Nilimbeba mwenyewe."

Afisa akaketi juu ya tenga lililopinduliwa.

"Jamani, mgonjwa hamfichi daktari kidonda. Fedha hizi ni za umma, na hazitoshi magati yote kwa mara moja. Zinaanzia penye shida kubwa. Kwa hiyo tuonyesheni ubovu wote. Semeni nyote, wavuvi na wauza samaki, nini kitangulie. Na kazi ikianza, chagueni watu wa kuifuatilia. Kuuliza fedha imefanya nini ni haki yenu."

Mume akajikuna kichwa. "Mama Ndoto, mwambie mgeni zile ndoto zako."

Akazitaja moja moja, akianza na ngazi. Afisa akaziandika.

Kazi ilichukua muda. Mama Ndoto na mvuvi mmoja walichaguliwa kuifuatilia, na waliuliza maswali mpaka fundi akawazoea.

Kisha ikafika asubuhi ambayo wifi alishuka, mkono kwenye chuma. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akasimama. Akaikanyaga mara mbili, kama anayejaribu godoro, akaendelea. Chini akachovya vidole majini.

"Wewe wifi," akasema, "siku zote uliniambia bluu. Mbona ni ya kijani?"

Mama Ndoto alitaka kujibu, machozi yakamtangulia. Akabaki amesimama, akiwatazama wifi na maji, huku samaki wakimngoja kivulini. Safari hii mumewe hakumwambia arudi.