Jibu la Swali la Arobaini na Moja

Mwaka ule pale Nilkhet, soko la vitabu, vitabu vilipangwa mpaka barabarani, na mtihani wa mahakimu ukikaribia usingepata pa kuweka mguu. Rehnuma alikuwa amekamata nakala ya mwisho ya kitabu cha maswali ya kawaida ya Kiingereza, fasihi na sheria za msingi, mara akahisi kuna mtu anakivuta kwa upande wa pili.

"Dada, mimi ndiye niliyekiona mwanzo."

"Kukiona si kukishika, kaka."

"Basi tukisome pamoja."

"Kwani nakujua?"

"Naitwa Shafayet. Sasa unanijua."

Muuza vitabu alichoka na ubishi wao. Akatoa wembe, akakipasua kitabu katikati kwenye mshono, akawaambia kila mtu achukue nusu yake aende zake. Rehnuma akapata Kiingereza na fasihi, Shafayet akapata sheria. Wakakubaliana kukutana kila Alhamisi kwenye ngazi za maktaba, waulizane.

Alhamisi zile Rehnuma hazisahau mpaka leo. Shafayet alikuja na shati la bluu lililopigwa pasi sehemu za mbele tu, mgongoni makunyanzi matupu, na Kiingereza chake kilimchekesha mpaka machozi.

"Nieleze tena, sitiari ni nini?"

"Nikisema wewe ni mzigo, hiyo ni sitiari."

"Na ukisema unanipenda?"

"Hiyo ni hadithi ya kubuni. Soma."

Siku ya kwanza ya Falgun, mwezi unaofungua majira ya maua, mji mzima wasichana wamevaa sari za manjano, Shafayet hakufungua kitabu. Alimtazama Rehnuma na maua yake kichwani, akasema bila kuzunguka, "Rehnu, nataka kukuoa. Unakubali?"

Kwao Rehnuma msichana akiulizwa habari ya ndoa huinamisha kichwa, na kimya chake ndiyo ruhusa yake. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Rehnuma akainama, akasokota ncha ya sari, akanyamaza kwa moyo wake wote. Alijiona hajawahi kujibu swali lolote waziwazi namna ile.

Shafayet alisubiri. Muuza chai akapita, akarudi. Mwishowe Shafayet akasema polepole, "Haya. Nimekuelewa."

Alhamisi iliyofuata hakutokea. Ya pili pia hakuonekana. Ya tatu, muuza vitabu alimwita Rehnuma akamkabidhi ile nusu ya sheria. "Yule kijana karudi kwao Rajshahi. Kasema utaihitaji."

Rehnuma aliitupa chini ya kitanda. Mwanamume gani huyu, anaomba mkono wa mtu kisha anatoroka? Alilia, akamwita mwongo, akalia tena. Enzi zile simu za mkononi hatukuwa nazo. Mtu akiondoka, ameondoka kweli.

Miezi miwili baadaye, mwezi wa Baishakh, asubuhi, baba yake, Mwalimu Quddus, alisema akiwa bado anasoma gazeti, "Ijumaa wanakuja watu wa Mymensingh kukuona. Kijana wao ni mhandisi. Una neno, mwanangu?"

Kwa uchungu na kwa mazoea, Rehnuma akanyamaza. Mama yake akatabasamu, akatoka kwenda kuagiza samaki wa ilish.

Rehnuma akaingia chumbani akavuta ile nusu ya kitabu ili angalau asome asahau. Ukurasa wa tisa wa nusu ile, sehemu ya mikataba, swali la arobaini na moja: je, kunyamaza ni kukubali? Jibu: hapana, kukubali lazima kutamkwe na kumfikie aliyependekeza. Shafayet alikuwa amepiga mstari mwekundu mara mbili, na pembeni ameandika, "Kwa hiyo ni hapana." Chini yake kulikuwa na namba ya simu ya duka la mjomba wake.

Alikimbia na kandambili mpaka duka la dawa la Nitai, lenye simu pekee mtaani. Wateja walikuwa saba, wote wanamjua baba yake. Akapiga namba ile, mjomba akaenda kumwita Shafayet.

"Shafayet? Ni mimi."

"Rehnu?" Laini ilikwaruza. "Kuna nini?"

"Siku ile nilikubali."

"Sikusikii. Sema kwa nguvu."

"Nimesema nilikubali."

"Uko mbali? Mbali wapi?"

Rehnuma akafumba macho. "Nataka unioe, Shafayet, wewe kiziwi!" Nitai akasahau dawa aliyokuwa anahesabu.

Upande wa pili Shafayet akajibu: "Napanda basi la kesho."

Habari zilimtangulia Rehnuma kufika nyumbani. Baba alikuwa amesimama mlangoni, gazeti limekunjwa kwapani.

"Ni kweli ulichokuwa unapigia kelele dukani kwa Nitai?"

Rehnuma akaangalia vidole vyake vya miguu. Nyuma ya pazia mama alinong'ona, "Unaona, kanyamaza, watu wanamsingizia tu."

Akainua uso. "Ni kweli, baba. Nataka kuolewa na Shafayet. Wale wa Ijumaa siwataki."

"Asubuhi nilikuuliza ukanyamaza."

"Nilikosea. Naomba unisamehe."

Mwalimu Quddus alimtazama binti yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Wa Mymensingh nitawapigia mwenyewe," alisema. "Huyo wako mwambie aje Ijumaa, na wazazi wake. Samaki tumeshaagiza."