Mbio za Jumapili Zilizomchukua Mdogo Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka sitini na saba. Naishi Turwa, pembeni mwa mji wa Tarime, nalima mihogo na kulea wajukuu. Juzi vijana wawili walishindana kwa pikipiki hapa barabarani kwetu, watu wakipiga makofi. Nikaingia ndani, nikajifungia, nikalia... Leo acheni niwaeleze kwa nini.

Siku zile za vijiji vya ujamaa nilikuwa mke kijana huko Morotonga, karibu na Mugumu. Mume wangu Marwa aliendesha Landrova ya zahanati. Gari lenyewe lilikuwa moja tu! Mgonjwa akishindikana pale, ndilo lililompeleka hospitali Tarime.

Marwa alikuwa mtu mwema, jamani. Hakunipiga wala hakunywa. Ugonjwa wake ulikuwa mwendo! Kila Pasaka, redio ilipotangaza mashindano ya magari, aliikumbatia hata chakula kikapoa.

Wenye umri wangu mnakumbuka: mafuta yalikuwa ya shida, na Jumapili mchana magari yalikatazwa kutembea, ila yenye kibali. Barabara ilibaki tupu. Gari la zahanati lilikuwa na kibali. Rafiki yake Jumanne, dereva wa ofisi moja pale Mugumu, naye alikuwa nacho. Mnaona sasa? Wakaanza kushindana! Vijana walijipanga kando ya barabara, wasichana wakipunga kanga na kupiga vigelegele.

Mimi sikwenda kuwatazama hata siku moja. Nilimwambia, "Baba Chacha, hilo gari si lako. Ni la wagonjwa." Akaniapia kwa jina la mama yake kwamba ameacha. Nikamwamini...

Mwaka ule mdogo wangu Robhi alikuja kujifungulia kwangu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Wazazi wetu walikwisha fariki. Alikuwa na mimi, nami nilikuwa na yeye.

Uchungu ulimshika Jumapili asubuhi. Marwa alimwona anavyohangaika. Akasema anapeleka dawa kijiji cha jirani, atarudi sasa hivi.

"Usikawie," nilimsihi.

"Nitakawia wapi, mama?" akacheka, akaondoka.

Mchana mtoto akakwama. Nesi Halima, mama wa Tanga aliyeletwa kwetu kikazi, alitoka chumbani jasho linamtiririka. "Bhoke, huyu anatakiwa kupasuliwa. Hapa sina uwezo. Gari liko wapi?"

Gari liko wapi! 

Wanaume wakamlaza Robhi kwenye kitanda cha kamba, tukambeba hadi barabarani, tukitumaini kumkuta Marwa akirudi. Robhi alinishika mkono kwa nguvu. "Dada, usiniache..." Nikamwambia shemeji yake yuko njiani.

Ndipo tukasikia ngurumo. Vumbi likainuka, magari mawili yakatokea yakifukuzana kuelekea upande wa Tarime. La mbele lilikuwa letu!

Nilivua kanga ya begani, nikakimbilia barabarani, nikaipunga kwa nguvu zangu zote. "Simama! Baba Chacha, simama!" Mzee mmoja wa wabeba kitanda alipaza sauti, "Mura, simama!" yaani kijana, kwa Kikurya chetu.

Marwa aliniona. Macho yetu yalikutana, wasomaji! Akatabasamu... akapiga honi... akanipungia mkono... akapita.

Vumbi likamfunika mdogo wangu pale kitandani.

Jumanne, aliyekuwa nyuma, ndiye aliyekiona kitanda. Alifunga breki gari likayumba, akaruka chini, akatusaidia kumpakia. Mbele kidogo tukampita Marwa kando ya barabara. Vijana walikuwa wamembeba juu kwa ushindi wake.

Robhi alifariki kabla hatujafika Tarime. Na mtoto tumboni mwake...

Jioni Marwa alinikuta nje ya hospitali. Alikwisha ambiwa. Alipiga magoti chini mbele za watu.

"Nilidhani umekuja kunishangilia, Mama Chacha. Siku zote nilitamani uje. Nilifurahi mno nilipokuona..."

Ningemtukana? Tusi gani lingetosha? Nikamwacha pale chini, nikarudi ndani kwa mdogo wangu.

Alifukuzwa kazi, na hakushika usukani tena mpaka alipokufa. Kaburi la Robhi alilichimba yeye, akakataa kupokewa jembe. Ndugu walinisihi nimsamehe, na nilijaribu, Mungu anajua. Lakini kila alipotabasamu, hata kwa mtoto wetu, niliiona siku ile. Nikamchukua Chacha, nikahamia huku Turwa. Naye hakunifuata.

Wanangu mnaopenda mwendo, nawasihi. Msiseme barabara ni tupu. Barabara haiwi tupu, ina watu ambao hamjawaona bado. Na mke wako akikuapisha, usimwapie kiapo cha kumnyamazisha.

Ukimwona mtu anapunga mkono kando ya njia, usijidanganye kwamba anakusifu. Punguza mwendo, baba. Simama, umwulize ana shida gani.