Mkebe wa Flan Wapanda Baiskeli

Mvua ya mji wa Baracoa haibishi hodi. Inaingia tu, kama jirani mwenye mazoea. Asubuhi ukungu hushuka mlimani taratibu, harufu ya kakao huelea njiani, na watu hupita humo kama wale ambao ndoto zao hazijaisha.

Ndani ya ukungu huo Nereida alipita kila siku na baiskeli yake ya umeme. Haikuwa na kelele. Iliguna tu, mmmm, kama mama anayebembeleza mtoto. Nereida alikuwa mwokaji wa keki, na keki alizibeba nyuma, kwenye keria, ndani ya boksi. Watu walimwona akitokea kwenye weupe na kuzama tena kwenye weupe.

"Nereida, unapaa?" walimtania.

"Napaa, lakini kwa betri!"

Chini ya kiti cha baiskeli kulikuwa na kisanduku kidogo. Mafundi wanakiita kontrola. Kinachukua umeme wa betri na kuugawia mota, kidogo au mwingi, kama mama anavyogawa chakula. Kontrola ikifa, baiskeli inabaki chuma tu.

Ya kwanza iliuawa na mvua. Ya pili aliletewa na binamu yake kutoka Havana, baada ya kuisubiri miezi mitano.

"Itunze kama jicho," binamu alimwambia. "Ya tatu hakuna."

Nereida aliitunza. Aliifunga mifuko mitatu ya nailoni, akazungusha utepe mweusi mpaka kontrola ikafanana na maiti iliyovikwa sanda.

"Hata mbu hapiti," alijisifu.

Jumamosi iliyokuwa inakuja Daymara, binti yake wa ubatizo, alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano, umri ambao kwao msichana hufanyiwa sherehe kubwa. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya mto Toa, juu kilimani. Mama yake Daymara, Odalmis, alikuwa muuguzi nchi ya mbali. Siku ya kuondoka alimshika Nereida mikono yote miwili, akamwita komadre, jina la heshima la mama wa ubatizo wa mwanao.

"Komadre, keki ya mwanangu uipeleke wewe. Usimpe mtu. Mimi nitaiona kwenye simu."

"Nitaipeleka, hata mbingu ianguke."

Sasa ilikuwa Alhamisi. Nereida alikuwa anapanda mlima mdogo, mvua ya manyunyu, mawazo yake yakiwa kwenye maua ya sukari. Ghafla baiskeli ikashtuka. Ikashtuka tena. Ikanyamaza.

Aliisukuma mpaka nyumbani. Maji yalimtiririka usoni, na si yote yalikuwa ya mvua.

Nyumba ya pili kutoka kwake alikaa bibi Eduviges. Miaka thelathini bibi huyu alitengeneza mota katika kiwanda cha chokoleti. Sasa alitengeneza feni za mtaa mzima. Alipenda vitendawili kuliko kahawa.

"Bibi, imekufa," Nereida alisema mlangoni.

"Nani kafa? Mbona sijasikia kilio?"

"Kontrola."

"Ah. Ingia, utalowesha mlango. Chomoa betri kwanza, mwanangu. Sasa tungoje kidogo. Kontrola ina tabia ya kuficha umeme tumboni hata betri ikiwa imetoka."

Waliposubiri vya kutosha, bibi alikata utepe, akafungua mifuko. Matone ya maji yakadondoka mezani, moja, mawili, mengi.

Nereida alishika kichwa. "Maji yameingia wapi? Nilifunga kila mahali!"

"Kitendawili!"

"Bibi, si sasa."

"Kitendawili!"

"Haya. Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai. Hicho hata kuku anakijua."

"Na yai ukiliweka motoni?"

"Linaiva."

"Basi wewe umepika yai." Bibi aligonga kontrola kwa kucha. "Hii inapofanya kazi inapata moto, hasa mlimani. Inataka kutoa joto, wewe umeivika mablanketi. Na unyevu uliokuwa humo ndani? Joto likipoa, unageuka matone. Hujawahi kuona kifuniko cha sufuria ya wali? Nani amemimina maji kwenye kifuniko?"

"Hakuna."

"Umeona sasa. Umezuia mvua ya nje, umeleta mvua ya ndani."

Nereida alipangusa matone mezani kwa kiganja. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Imekufa kweli?"

Bibi aliitazama kwa miwani, akainusa.

"Haina harufu ya kuungua. Imezimia tu, nadhani. Tuikaushe."

"Niiweke kwenye tanuri?"

"Ukitaka keki ya kontrola, weka. Hapana! Iache wazi penye upepo mpaka kesho. Wewe nenda katafute nyumba yake. Iwe ya alumini, maana alumini inapitisha joto. Iwe na kifuniko kinachobana."

Nereida alipekua jiko lake. Plastiki, bati lenye kutu, plastiki. Halafu macho yake yakatua juu ya rafu. Pale palikuwa na mkebe wa flan wa marehemu mama yake. Ulikuwa wa alumini, mrefu kama tofali, na kifuniko chake kilikuwa na vibanio viwili. Kila Jumapili mama alipika humo mayai, maziwa na sukari ya kuungua. Nereida aliufungua. Alihisi mama amesimama nyuma yake, mikono yenye sukari.

"Utanisamehe?" aliuliza. Mvua ilijibu juu ya paa.

Ijumaa asubuhi kontrola ilikuwa kavu. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika, kwa hiyo bibi Eduviges alitoboa mkebe kwa kekee ya mkono. Nereida aliushikilia, na kila tundu lilimchoma yeye.

"Kontrola ilale imegusa ukuta wa mkebe," bibi alisema, akikaza bolti. "Ikigusa, joto linapita kwenye alumini, upepo unalichukua."

Alikata tyubu kuukuu ya baiskeli, akaitandika kwenye ukingo wa kifuniko ili maji yasipenye. Nyaya alizitolea upande wa chini. Kila tundu la waya alilivika mpira, akaliziba kwa silikoni. Kisha akatoboa tundu dogo mahali pa chini kabisa.

"Bibi! Tumeziba kote, sasa unatoboa?"

"Hili ni la unyevu kutokea. Mvua inatoka juu, mlango wetu uko chini. Mvua gani inapanda ngazi?"

Mwisho alizilegeza nyaya zishuke kwanza kama bembea, ndipo zipande kwenda mbele. "Maji yakifuata waya, yatafika hapa chini ya bembea, yatadondoka. Hayatafika kwenye mkebe."

Waliufunga mkebe nyuma ya mlingoti wa kiti, umesimama wima. Alasiri mtaa mzima ulipiga kelele, "Umekujaaa!" Umeme ulikuwa umerudi. Nereida akachomeka betri ijae.

Jumamosi mvua ilinyesha kana kwamba iliahidiwa zawadi. Nereida alifunika boksi la keki, akawasha baiskeli, ikaguna, akaondoka. Pale penye dimbwi kubwa alishuka akazunguka, kama bibi alivyomwagiza. Kisha mlima ukaanza. Ukungu ulimfunika. Hakuona barabara, aliona weupe tu, na katikati ya weupe baiskeli ikiguna, mmmm. Alingoja mshtuko. Haukuja.

Juu kabisa alisimama, akanyoosha mkono nyuma. Mkebe ulikuwa na joto. Joto lile lile la Jumapili, flan ilipotoka jikoni.

"Asante, mama," alisema, akacheka peke yake.

Keki ilifika na maua yake yote. Daymara, ndani ya gauni la waridi, alinyanyua simu.

"Mama, unaiona?"

"Naiona," Odalmis alijibu kutoka mbali, akilia na kucheka. "Komadre, umepitaje kwenye mvua yote hiyo?"

"Kitendawili!" Nereida alisema.

"Tega!" watu wote wakaitikia.

"Nyumba ya mama yangu mlango uko sakafuni, na aliye ndani halowi."

Walitaja popo, walitaja kengele. Walishindwa, wakampa mji. Nereida akawatoa nje kwenye manyunyu, akafungua vile vibanio viwili. Ndani palikuwa pakavu kabisa, na bado palinukia, kwa mbali, sukari ya kuungua.