Pua ya Watu Wawili

"Rudisha hizo pilipili!"

"Sirudishi."

"Rudisha, watu wanatuangalia!"

"Waangalie. Macho ni yao."

Na kweli walikuwa wanaangalia, maana hakuna sinema ya bure kama wachumba wanaogombana supamaketi. Fundi wa mafriji, mwanaume wa kubeba kompresa begani huku anapiga mluzi, alikuwa ameng'ang'ania upande mmoja wa kikapu. Mchumba wake, mshona mapazia, ameng'ang'ania wa pili. Ndani mlikuwa na pilipili mbuzi, pilipili kichaa, pilipili kavu na chupa ya sosi yenye picha ya moto. Kuku alikuwa mmoja tu, kajikunja chini kabisa kama mateka.

Simu ya Fundi ikalia. Ujumbe kutoka kwa shangazi yake, aliyemlea tangu anatambaa:

"Nimeshapanda gari. Mwambie binti nakuja na njaa. Nikila nikiridhika, tunapeleka posa. Nisiporidhika, tutaongea mimi na wewe."

Fundi akamwekea mchumba simu usoni.

"Umesoma? Halafu unataka kumuua shangazi yangu!"

"Nataka chakula kiwe na ladha."

"Ladha? Mimi siku hizi nakula moto! Jumapili nimekunywa maji mpaka tumbo likawa linapiga kelele kama mtungi. Kazini wananicheka, wanasema mwanamke akikuchoka hakufukuzi, anakupikia. Kama umenichoka sema!"

"Nani kasema nimekuchoka?"

"Shati langu! Zamani nikifika ulikuwa unaweka uso hapa kifuani, unavuta pumzi, unasema, 'Huyu wangu.' Siku hizi unanipa mkono kama karani wa benki."

Mshona mapazia akaachia kikapu. Akageukia mapipa ya viungo vya kupima, akachota unga wa pilipili, akaupeleka puani.

"Basi tuchukue hii. Nzuri. Inanukia."

Fundi naye akanusa. Lo! Pipa lenyewe lilikuwa limebanana na rafu ya sabuni za kufulia. Unga ulinuka sabuni, na chini ya sabuni, ukungu.

"Inanukiaje?"

"Si... kama pilipili."

Sasa jamani, kazi ya huyu mtu ni kutafuta ubovu kwenye kitu kisichosema. Akakumbuka maziwa yaliyoganda ambayo mchumba wake alimmiminia kwenye chai. Akakumbuka maharage yaliyoungua, moshi umejaa chumba, mwenyewe yuko hapo hapo anashona wala hana habari.

"Funga macho."

"Wewe mwanaume, hapa dukani?"

"Funga."

Akachukua mche wa sabuni, akausogeza puani kwa mchumba wake.

"Hiki nini?"

Akavuta pumzi mara mbili. Kisha, kwa sauti ndogo: "Pilipili?"

"Fumbua."

Alipoiona sabuni, machozi yakamtoka.

"Tangu ile homa iliyonilaza," akasema. "Iliondoka na pua yangu. Nikadhani itarudi. Chakula chote nakiona pamba. Pilipili tu ndiyo inabisha hodi mpaka ndani, kwa sababu ile si harufu, ni moto. Nikawa naongeza, naongeza..."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie unaoa mwanamke asiyejua sufuria inaungua? Na shangazi yako ndiye huyo anakuja kuonja!" Akafuta pua. "Na shati lako nililiwekea uso, nikavuta. Hakuna kitu. Kama vile hupo. Nikaogopa kujaribu tena."

Fundi, aliyekuwa tayari kuachwa mbele ya rafu ya sabuni, akaachia kikapu na kumkumbatia. Mama mmoja aliyebeba karatasi za chooni akapiga makofi.

"Hii pua yangu unaiona ilivyo kubwa? Tangu leo ni ya watu wawili. Wewe macho na mikono, mimi kunusa. Twende kazi!"

Ikawa raha tupu. Wakazirudisha pilipili zote, wakaanza upya, wanabishana kama wauza nguo.

"Hiyo imesinyaa, rudisha! Angalia kikonyo, kiwe kibichi. Ngozi ibane, ing'ae. Hii ina doa laini, kesho imeoza."

"Kavu je?"

"Ikunje. Ikipinda, bado ina uhai. Ikivunjika vumbi, hiyo imezeekea dukani. Haya, za unga ni zako."

Fundi akainamia yale mapipa ya viungo.

"Sabuni. Vumbi. Gunia. Eh! Hii hapa, hii inanuka jua!"

"Rangi yake nyekundu, haijawa kahawia. Tia kikapuni. Na hii sosi soma nyuma."

"Maji, sukari, wanga... pilipili iko mwisho, inaomba lifti."

"Rudisha! Tafuta iliyotaja pilipili mwanzo."

"Na shangazi?"

"Mchuzini tunatupia pilipili mbuzi moja nzima, hatuipasui. Inatoa harufu, moto unabaki ndani. Ila harufu ikitosha..."

"Nitakuambia."

Mchuzi ulipoiva, shangazi akafika, akanawa, akala. Akaweka kijiko.

"Nani kapika?"

"Sote wawili, shangazi," mshona mapazia akajibu. "Mimi sisikii harufu. Homa iliniharibu. Yeye ndiye aliyeninusia."

Fundi akaganda. Hili hawakupatana!

Shangazi akamtazama binti, akavuta mkoba. Anatafuta nauli, Fundi akawaza, kwisha habari yangu. Mkoba ukatoa chupa ya pilipili.

"Natembea nayo, maana watu siku hizi wanapika kama hospitali. Chakula chenu kitamu, lakini mbona mmenipikia kama nimelazwa? Binti, pilipili zako umezificha wapi?"

Mshona mapazia alikimbia jikoni akarudi na sahani nzima. Wanawake wawili wakala, wanatoka jasho, wanacheka, Fundi anawapepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Huyu mumeo tangu mdogo pilipili inamliza."

"Shangazi! Umesema mumeo?"

"Kwani hukusikia? Pua umeazimisha, na masikio je?"

Fundi alirusha mfuniko juu, ukaangukia kwenye mchuzi.

Baadaye, shangazi akiwa bado anamalizia sahani, mshona mapazia alimfuata Fundi jikoni.

"Leo unanuka nini?"

"Vitunguu. Jasho. Na gesi ya friji kidogo."

Akaweka uso kwenye shati, akavuta pumzi ndefu.

"Huyu wangu," akasema.