Pete Chini ya Glavu

— Nani kati yenu?

Mwalimu Ok Sun-deok aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Supu iliyomo, juzi angavu kama maji, leo ilikuwa na ukungu. Bo-ram akakitambua. Kichupa hicho alikijaza yeye na mpenzi wake, Jin-mok, kwenye mtihani wa kujaza dawa. Kwenye chumba safi, wanafunzi hutumia supu ya kuoteshea vijidudu badala ya dawa, ili kijidudu kikipenya kiote, kionekane.

— Ingekuwa dawa ya kweli, sasa hivi iko kwenye mshipa wa mtu. Kabla ya jioni mmoja wenu aniambie alikosea wapi. Mkinyamaza, nawafukuza wote wawili, na viwanda vyote vya dawa hapa Songdo vitajua.

Walipofika kwenye korido, Jin-mok alikuwa amepauka.

— Bo-ram, niambie ukweli. Siku ile pete uliivua?

— Niliivua, Oppa! Mimi mjinga?

Oppa, yaani kaka, ndivyo alivyozoea kumwita mpenzi wake; lakini jibu lilikuwa uongo mtupu. Pete yake ya kuadhimisha siku mia za mapenzi yao ilikuwa kidoleni, chini ya glavu. Alipovua glavu baada ya mtihani, aliona tundu dogo mahali pa jiwe, akaitupa glavu haraka. Kisa? Mwanzoni mwa mafunzo aliwahi kuivua, na Jin-mok akanuna wikendi nzima. “Kidole kitupu ni cha mtu asiye na mtu,” alimwambia. Mapenzi yana wazimu wake, jamani. Msichana alimwogopa mpenzi kuliko mtihani.

Alikwenda kukaa kwenye duka la kona, kimbapu, wali uliofungwa kwa mwani, mbele yake, haumezeki. Akifukuzwa anarudi kukaanga kuku mgahawani, mafuta yakimrukia mikononi. Akikiri, Jin-mok atajua alimdanganya machoni. Simu ikatetemeka.

“Usiseme chochote. Niachie mimi.”

Nimwachie nini? Ameliona tundu? Anakwenda kunitaja? Akapiga. Simu ikaita weee, haikupokelewa. Akaacha chakula mezani, akakimbia.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi kidogo. Alisikia sauti ya Jin-mok:

— Ni mimi, Mwalimu. Nilivaa pete chini ya glavu. Ikatoboa.

Mungu wangu! Anajitoa kafara kwa ajili yangu! Bo-ram akausukuma mlango.

— Anadanganya! Ni pete yangu iliyotoboa! Nifukuze mimi, yeye mwache!

Jin-mok akageuka, macho yamemtoka.

— Pete yako? Si ulisema uliivua?

— Si ndiyo unayomwambia Mwalimu?

— Mimi namwambia yangu!

Mwalimu Ok aliwatazama mikono, pete mbili zinazofanana. Hakucheka.

— Kwa hiyo kila mmoja aliona tundu lake, akalificha. Mngesema palepale, supu ingemwagwa na kesho yake mngerudia. Ninyi mnaogopana kuliko mnavyomwogopa mdudu. Sasa mtaanza upya na darasa lijalo. Wenzenu wataajiriwa mwezi huu, ninyi mtawapigia makofi.

Bo-ram alilia mpaka kwenye makabati ya kubadilishia nguo.

— Oppa, wewe kwa nini uliivaa?

— Uliwahi kukuta kidole changu kitupu, ukalia. Niliapa sitakuliza tena. Na wewe?

— Niliogopa utanuna.

— Nilinuna kijinga. Nisamehe.

— Ungeniacha kama ungejua nimekudanganya?

— Mimi niliyekuficha vilevile? Ningepata wapi mdomo?

Jin-mok akavua pete yake, akamwekea kiganjani. Bo-ram naye akavua. Zote mbili wakazifungia kabatini.

Darasa jipya lilipoanza, walisimama tena mbele ya mlango wa chumba safi. Kabla ya kuvaa glavu, Bo-ram alinyoosha mikono yake mbele ya Jin-mok, akageuza viganja.

— Nikague.

— Mitupu. Haya, nikague na mimi.

Akamshika kidole kimoja kimoja, taratibu, mpaka cha mwisho.

— Mitupu, mume wangu.

— Mume? Nani kakuoa?

— Utanioa. Pete ziko kabatini. Unaogopa?

— Naogopa sana.

— Hata mimi. Vaa glavu, twende.