Kiapo cha Kichwa cha Babu

Kila asubuhi Hetvi alimpelekea Babu Jivanlal kidonge chake na kikombe cha shaba cha maji. Ilikuwa hivyo tangu babu awekewe kijibomba cha waya kwenye mshipa wa moyo.

Jumapili hiyo babu alikisukuma kikombe pembeni. "Leo ni mfungo wa Ekadashi, siku yetu takatifu, mjukuu wangu. Hata tone la maji halipiti."

"Na kidonge je, Babu?"

"Nacho kipumzike! Hata jana sikukimeza, nilitaka kuuingia mfungo nikiwa safi." Akauchukua mkono wa Hetvi, akauweka kichwani pake. "Apa kwa kichwa changu kwamba mama yako hatajua. Ukisema, nitakufa mimi."

Hetvi akaapa, kisha hofu ikamvaa. Mama yake alifanya kazi kiwandani hapo mjini Surat, akipaka dawa vijibomba kama kile cha babu, na mara nyingi alionya kwamba bila kidonge damu huweza kuganda. Akisema, babu atakufa kwa kiapo. Akinyamaza, atakufa kwa moyo.

Adhuhuri, joto likiwa kali, babu aliyumba, akashika ukuta, akaketi chini huku jasho likimtiririka. Hetvi alikimbilia jikoni akilia.

"Mama, nimemuua Babu!"

Akaeleza yote. Mama alimpigia daktari, naye akasema kidonge kimezwe mara moja, kisha mgonjwa aletwe.

"Lakini mfungo wangu..." babu akalalamika.

"Baba, nisikilize mimi ninayevipaka," mama alisema. "Kwa damu, chuma kile ni mgeni. Tunakivika dawa ili mwili ukizoee. Ila mpaka mshipa ukifunike kwa ngozi yake wenyewe, kidonge ndicho mlinzi wa mlango. Nawe umemfukuza mlinzi!"

Babu akakimeza.

Hospitalini daktari alimpima babu moyo. Mshipa ulikuwa wazi. Kiu ndiyo iliyomwangusha. Hata hivyo Hetvi hakutulia.

"Babu, nimevunja kiapo. Utakufa lini?"

Babu alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. Akauweka tena mkono wa Hetvi kichwani pake. "Nakufungua, mwanangu. Kosa ni langu, nilikutwika mzigo wa mtu mzima."

Mama akamkumbatia Hetvi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtu akikuapisha uifiche hatari, usingoje aanguke. Sema siku ileile."

Kesho yake, kabla Hetvi hajafika mlangoni, sauti ya babu ilisikika: "Hetvi we! Mlinzi wangu yuko wapi?"